Maswali ya Wasomaji: Bahari ndani ya Dodoma kwa hela ya kuungaunga

Mwezi huu meza yangu imejaa maswali ya kitu kimoja tu, tangi la samaki wa baharini, na mimi nimefurahi kweli maana hii kazi naipenda kuliko zote ninazozifanya. Kwahiyo ukurasa wote nawapa hao, wa kuku na sungura mnivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina mgahawa wangu huku Ilazo, nataka niweke tangi kubwa la samaki wa baharini upande wa kaunta, nimepiga hesabu ya sentimita 200 urefu, 70 upana na 70 kwenda chini. Mfukoni nina milioni tatu na laki mbili alafu kila mwezi naweza kutenga elfu 80. Fundi vioo kashanipa bei, anasema ataweka kioo cha milimita 8. Kinatosha? Na maji yetu ya bomba yanaacha utando mweupe kwenye birika, si tayari yana chumvi yake hayo, au bado niongeze? Wenzangu wananiambia niachane na hiyo kitu, Dodoma hakuna bahari nitaua tu viumbe wa Mungu. Nisaidie kaka.

JIBU: Salama kaka, hongera kwa mgahawa. Naanza na kioo kabla hujatoa advansi. Milimita 8 kwenye kina cha sentimita 70 na urefu wa mita mbili kitapasuka, na kikipasuka ni karibu lita elfu moja kwenye miguu ya wateja wako. Maji yanasukuma kutokana na kina, kadri yanavyoshuka ndo yanavyobana kioo, na kioo kikiwa kirefu bila kushikwa kinabinuka katikati. Kwa vipimo vyako hivyo ni milimita 15 kwenda juu, na hapo hela yako itaishia kwenye vioo hujanunua hata pampu.

Punguza. Fanya sentimita 150 kwa 60, kina 50. Ni lita 450 ukijaza mpaka ukingoni, bado ni tangi kubwa sana, mtu akikaa mezani anakula wali wake linamjaa machoni, maana jicho linafuata urefu wa mbele, kina hakuna anaekipima. Hapo kioo cha milimita 12 chenye mikanda ya kioo juu kuzunguka kinakaa kwa usalama na fundi yeyote mzuri wa vioo anaweza kukata.

Ila sababu kubwa ya kukupunguzia sio kioo, ni chumvi. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Tangi lako la lita 980 linataka kilo 34 za chumvi maalumu ya akwariamu siku ya kwanza, sawa, utajikamua utanunua. Alafu kila wiki mbili unabadilisha asilimia kumi ya maji, lita 98, kilo tatu na nusu hivi za chumvi, mwaka mzima ni kama kilo 89. La lita 450 linakula kama kilo 41 kwa mwaka. Hiyo chumvi haiuzwi Majengo sokoni kaka, inaagizwa, na elfu 80 yako ya kila mwezi ndo itakayoibeba hiyo pamoja na umeme na chakula cha samaki. Wengi nshawaona wananunua tangi la hela yote alafu mwezi wa nne wanashindwa kulilisha. Tangi la baharini bei yake sio ile ya siku ya kununua.

Sasa hilo la maji ya bomba. Maji mengi ya mji huu yanatoka visima virefu vya Makutupora, yamepita kwenye miamba yakabeba madini, kalisiamu na magnesiamu, ndo huo utando mweupe wa birika. Ni maji magumu, ila kwa chumvi hayajaikaribia bahari hata kidogo. Kwahiyo huwezi kusema tayari yameanza kuwa bahari, na pia huwezi kuyachanganya na chumvi moja kwa moja, maana chumvi ya akwariamu imeshapimwa na mtengenezaji iwe na kila kitu kwa kiwango chake ikichanganywa na maji matupu, ukiiweka kwenye maji ambayo yana madini yake vipimo vinavurugika, na nitrati na silika zilizomo zinalisha mwani wa kahawia unaofunika kila kitu. Alafu kuna klorini. Unahitaji maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, inayoyasukuma kwenye utando mwembamba madini yakabaki nyuma, ile ile teknolojia ya viwanda vya maji ya kunywa, na baadae kichujio cha DI kinachomalizia madini yaliyobaki. Nunua kipima cha TDS, yaani madini yaliyoyeyuka kwenye maji, kadude kama kalamu, hakina bei ya kutisha, kabla hujamwaga hata ndoo moja chovya humo. Kikisoma sifuri au karibu na sifuri endelea. Watu wanaouza maji ya RO ya madumu wapo, ila pima kila dumu, usichukue neno la muuzaji, mi nshauziwa dumu lenye lebo nzuri kipima kikasoma zaidi ya 100.

Ukinunua mashine yako mwenyewe jua kwamba inatupa maji, lita tatu au nne zinakwenda nje kwa kila lita moja safi. Kwenye mji wenye shida ya maji kama wetu mimi hilo linaniuma, usiyaache yaende mtaroni. Yale maji sio machafu, ni magumu tu zaidi kidogo, yaelekeze kwenye pipa, deki mgahawa, osha masufuria, mwagilia miti.

Na hapa nifike kwenye kitu ambacho mtu wa Dar akikufundisha hatakwambia kwa sababu kwake hakipo. Hewa ya Dodoma ni kavu na upepo ni mwingi, maji yanakauka. Uso wa tangi lako una mita za mraba 0.9, kila milimita moja inayopaa ni karibu lita moja, na kwenye miezi ya kiangazi milimita tano au sita kwa siku ni kitu cha kawaida kabisa, kwahiyo andaa lita tano au sita za kujazia KILA SIKU. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki. Kwahiyo unajazia maji baridi yasiyo na chumvi, usijazie maji ya chumvi hata siku moja. Tangi langu la kwanza Area C nilikuwa najazia maji yaliyokolezwa chumvi, nikidhani narudisha kilichopungua, wiki ya tatu samaki wanahema juu juu, napima uzito wa maji kulinganisha na maji matupu, ndo kipimo cha chumvi, nakuta 1.032 wakati inatakiwa 1.025. Samaki wanne walikufa usiku ule na mpaka leo nikijaza tangi la mtu naangalia refraktomita, kile kipima chumvi cha kuchungulia, mara mbili. Ukibana hela sehemu zote usibane kwenye refraktomita, ile haidromita ya plastiki yenye mshale inadanganya haraka sana.

Msimu wa mvua unaweza kukusaidia sana. Mvua yetu ni kama milimita 570 kwa mwaka na karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili, ila paa la mita za mraba 40 kwa hesabu hiyo linapokea zaidi ya lita elfu 22, hata ukipoteza robo yake bado umebaki na maji ya kujazia mwaka mzima na yanabaki. Acha mvua mbili tatu za mwanzo zioshe vumbi, alafu kinga kwenye simtank iliyofunikwa jua lisiingie. Bati linaachia zinki, haswa likiwa jipya, na wadudu wa baharini wasio na uti hawaivumilii, kwahiyo maji ya mvua nayo yapitishe kwenye RO na DI, faida yake ni kwamba vichujio vyako vitadumu muda mrefu maana havipambani na yale madini ya kisimani.

Tuje kwenye matumizi ya ile milioni tatu na ushee. Vioo tafuta vya mtumba. Mji unajengwa na kubomolewa kila siku, maduka yanabadilisha fremu, ofisi zinabomoa partisheni, kioo cha milimita 12 kinauzwa na mafundi kwa bei ya chini sana ukikisubiri. Hakikisha sio kioo cha temper, hicho hakikatwi, ukikigusa na almasi kinasambaratika chote, mara nyingi kina muhuri kwenye kona. Silikoni iwe ile inayonuka siki na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile dawa inaua samaki. Likishagundishwa liache wiki nzima, alafu lijazie uani maji ya kawaida likae siku tatu nne, ndo uliingize ndani. Hapo ndo utashukuru, linalovuja uani halina hasara.

Stendi fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa skweapaipu, juu yake plaiwudi na juu ya plaiwudi shiti ya sponji nyeupe ile ya kupakilia tivii. Maji, vioo, mawe na tangi la chini linalopokea maji ya tangi kubwa ni zaidi ya kilo 600, kwahiyo liwe chini kabisa kwenye sakafu ya zege, usilipandishe ghorofani bila kumuuliza mtu anaejua jengo. Na rangi ipigwe vizuri maana maji ya chumvi yanakula chuma huku unakiangalia.

Tangi la chini, wenyewe wanaita sampu, halihitaji kuwa kioo, beseni kubwa la plastiki la kuhifadhia chakula linatosha. Mabomba tumia plastiki tupu. Usiweke koki ya shaba, usiweke bomba la GI, shaba kidogo tu inaua kaa, kamba na konokono wote.

Pale ambapo hela inatakiwa iende bila huruma ni skima, ile mashine inayotoa povu chafu la protini kabla halijaoza. Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar, na maji ya chumvi tangu mwanzo yanabeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Skima inasafisha na wakati huo huo inapulizia hewa ndani ya maji, kwahiyo hapa kwetu inafanya kazi mbili. Chukua ya mtumba ila iwe imeandikwa inamudu tangi kubwa kuliko lako.

Taa usijisumbue mwanzoni. Matumbawe ndo yanadai taa za bei mbaya, tangi la samaki peke yake linaridhika na LED ya kawaida nyeupe. Mchanga nao sio lazima, acha sakafu tupu, inasafishika kirahisi na hela inabaki. Mchanga wa korongoni upo bure ndio, ila una chembe za chuma na vumbi lisiloisha, nimeosha kiroba kizima siku mbili maji bado yanatoka na tope, nikauacha.

Mawe ndo nyumba ya bakteria, hapo usikose. Mawe yetu ya Dodoma, haya ya granaiti yaliyojaa milimani, hayana madhara ndani ya maji ila hayana matundu, bakteria hawapati pa kukaa, tumia mawili matatu kama msingi wa kubebea. Juu yake weka mawe makavu yenye matundu, yale ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu pwani na kuuzwa kwa wajenzi, kilo 40 hadi 50. Yasugue, yaloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji mpaka yasinuke. Mawe hai ya kununua, yale yanayokuja na bakteria wake tayari, ni mazuri zaidi ila kwa bajeti yako hapana.

Baridi na joto. Juni na Julai usiku huku kwetu unashuka chini ya nyuzi 15, samaki hawa wanataka 24 hadi 27, kwahiyo hita ni lazima, weka mbili za wati 150 badala ya moja ya 300, moja ikifa nyingine inakuvusha mpaka asubuhi, na ikigoma kuzima haina nguvu ya kuchemsha tangi zima. Nyuma na pembeni bandika sponji ile ile nyeupe. Oktoba na Novemba mambo yanageuka, hapo ule ukavu wetu unakuwa rafiki, feni ndogo ya kompyuta ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hadi tatu bila mashine yoyote ya gharama. Unalipa kwa maji ya kujazia basi.

Ukishajaza usinunue samaki. Weka kipande cha kamba mbichi, yule wa kuliwa, kioze humo ndani. Kikioza kinatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, wa pili wanaigeuza nitrati, na amonia na nitriti zote mbili ni sumu. Pima kila siku mbili tatu. Amonia itapanda itashuka, nitriti nayo itapanda itashuka, siku zote mbili zikisoma sifuri na nitrati ipo, tangi limeiva. Kwa mawe makavu ni wiki sita, pengine nane. Hizi wiki nane ndo utajiri wako wewe mwenye hela kidogo, maana kuvumilia hakuuzwi dukani, na kila mwezi ile elfu 80 inaingia huku hakuna kiumbe anaekudai chakula.

Alafu anza na klaunifishi wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliozalishwa kwenye matangi na sio kuvuliwa, ni wagumu, wanakula kila kitu na watoto watakaokuja na wazazi wao kula chipsi watawafahamu. Kaa mwezi. Ongeza wengine wadogo wawili watatu. Samaki kangaja ni mzuri ndio najua, ila anaogelea mbali kutwa nzima, hilo tangi kwake ni kama chumba cha kupanga. Samaki vipepeo wengi wanakula matumbawe hai, watakufa njaa mbele yako. Na wenzako wanaosema utaua viumbe wa Mungu, wana haki ya kuogopa, wamewaona wengi wanaokimbilia. Wewe usikimbilie.

SWALI: Dada yenu wa mtaa wa Kisasa, Dodoma hapa. Kaka yangu anaishi Kigamboni, ana kipikapu, ananiambia chumvi ya nini wakati bahari ni bure, atanijazia madumu aniletee pamoja na matumbawe mazuri na samaki wa rangi aliowaona kule visiwani, na sasa hivi treni ya SGR ipo safari ni masaa machache tu. Mbona nyie mafundi mnatuagizia chumvi ya Ulaya?

JIBU: Dada karibu, na msalimie kaka. Maji ya bahari ya kweli ni mazuri sana, bora kuliko yoyote nitakayochanganya mimi, mtu wa Kigamboni angekuwa mjinga kununua chumvi. Ila wewe uko Kisasa. Lita moja ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo moja, lita 450 ni karibu nusu tani, hiyo pikapu imejaa kwa safari moja, na wiki mbili baadae unataka nyingine lita 45, na nyingine, na nyingine. Kama kilomita 450 za lami kila mara. Kumbe kilo 16 za chumvi zina bahari yote hiyo ndani ya mfuko mmoja unaobebwa begani. Bahari inasafiri ikiwa kavu dada, ndo siri yote.

Kama mna safari zenu za kawaida na madumu yanarudi matupu, basi sawa, ila yachotwe mbali na mdomo wa mto Msimbazi na mbali na bandari, maji yakiwa yamejaa, na sio wakati wa masika ambapo mito inamwaga tope na maji baridi baharini. Madumu yawe hayajawahi kubeba mafuta ya taa wala sabuni. Yakifika yachujwe kwa kitambaa kizito, yakae gizani na pampu ya hewa wiki moja mbili, alafu upime chumvi yake kabla ya kuyatumia.

Sasa matumbawe. Hapa naomba unisikilize kama dada yangu. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tengefu za bahari tangu 1975, hakuna ruhusa ya kuchukua kitu. Na matumbawe yote magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na farasi wa baharini. Kuvua samaki hai wa mapambo na kuwasafirisha kuna taratibu zake za leseni, na wewe una bahati kuliko wengi maana Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko hapo Mtumba, panda daladala ukaulize kwanza, uliza na kuhusu vibali vya kusafirisha. Lakini hata sheria ingenyamaza, tumbawe la saizi ya kichwa cha mtu limechukua miaka mingi sana kukua, miamba yetu imeshapigwa baruti vya kutosha, alafu tulikwanyue likafe kwenye tangi la mwezi mmoja lisilo na taa ya kutosha. Mimi siwezi kukufungia tangi la namna hiyo, naomba usinikasirikie.

Samaki nao nunua kwa mtu anaeweza kukuonyesha wametoka wapi na ukawaona wakila kwa macho yako. Wakija wakae peke yao wiki nne kwenye tangi dogo kabla hujawachanganya na wengine. Ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye tangi kubwa dawa yake ni ya shaba, na shaba nimeshasema inaua kaa na konokono, kwahiyo unajikuta huwezi kutibu.

SWALI: Mimi ni mwalimu Singida mjini. Ziwa Singidani lipo hapa mlangoni na maji yake ni ya chumvi kabisa, ukionja unatema. Naweza kuyatumia kwa samaki wa baharini? Au niyeyushe chumvi ya mawe ya dukani?

JIBU: Mwalimu shikamoo. Hapana kwa yote mawili, ila swali ni zuri na wanafunzi wako wangefaidika nalo. Maziwa ya huko kwenu, Singidani na Kindai, hayana njia ya kutokea, maji yanaingia yanakauka miaka na miaka na kuacha kilichokuwemo, na uwiano wa kilichokuwemo sio ule wa bahari. Bahari ina sodiamu na kloridi kwa wingi, alafu magnesiamu, salfeti, kalisiamu na potasiamu kwa uwiano ule ule karibu kila pembe ya dunia, na pH yake, kipimo cha uasidi wa maji, ni karibu 8.1. Ulimi unasema chumvi kote kuwili, mwili wa samaki unaona vitu viwili tofauti kabisa.

Chumvi ya mezani na ya mawe ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, alafu ya mezani imeongezwa madini joto. Hata ile chumvi iliyokuwa inakwanguliwa kwenye udongo wa mbuga ya Bahi, ambayo Wagogo walikuwa wanaibadilishana kwa vitu vingine zamani, ilikuwa ya kukolezea mboga. Kwa darasa lako mwalimu anza na perege kwenye maji baridi, mzunguko wa amonia na nitriti ni ule ule, watoto watapima na kujifunza kila kitu, na gharama yake ni ndogo.

SWALI: Fundi, mimi ni mama wa nyumbani Nzuguni. Mume wangu keshanunua tangi la mtu aliehama, la lita mia nne na kitu, pampu zake kubwa mbili na taa. Siku kumi Luku imekwisha wakati zamani tulikuwa tunakaa mwezi. Sipingi samaki, hata watoto wanawapenda, ila umeme ukikatika nao analala hoi roho juu. Tufanyeje?

JIBU: Mama pole, na asante kwa kutowapinga samaki. Chukueni kalamu mkae wote wawili. Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Pampu ya kurudisha maji wati 40, ya skima 25, za mawimbi mbili jumla 20, hizo ni 85 na hazizimwi usiku wala mchana, uniti mbili kwa siku. Taa ya wati 50 masaa manane ni karibu nusu uniti. Mwezi mzima unafika uniti 73 bila hita, na hita kwenye baridi inaweza kuongeza uniti karibu mbili kila siku. Kama nyumba yenu ilikuwa kwenye ule ushuru wa chini wa watumiaji wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, tangi likijumlishwa na matumizi ya nyumba limewatoa huko, na ndo mana Luku inakimbia kwa sababu mbili, uniti zimeongezeka na bei ya kila uniti nayo imepanda.

Mwambie auze zile pampu kubwa anunue za DC, zile zenye adapta. Ya kurudisha wati 20, ya skima 15, ya mawimbi 10, taa ya wati 30 kwa masaa sita kwa kutumia taima, inashuka hadi kama uniti 38 kwa mwezi. Na tangi livishwe sponji nyuma na pembeni, usiku wa Julai lifunikwe kioo juu waache upenyo mdogo wa hewa, hita itapumzika sana.

Umeme ukikatika kinachoua kwanza sio baridi, ni kukosa hewa. Kipampu cha hewa cha wati tano na betri ya volti 12 ya 7Ah, zile za alamu na UPS, kinapuliza usiku mzima, na kipaneli kidogo cha sola juu ya bati kinaichaji mchana. Hicho anunue kabla ya samaki mwingine yeyote. Umeme ukiwa hakuna msiwalishe, samaki mzima anakaa siku mbili bila kula hana shida.

Na kuna kitu kimoja nataka mkifanye leo leo jioni, wote mkiwa macho. Zimeni swichi kuu ya tangi muangalie. Maji ya juu yatarudi chini kwenye sampu kupitia bomba la kurudishia, na kama sampu imejaa sana yatafurika sakafuni, na umeme wa hapa haukatiki mchana peke yake. Kwangu ilitokea saa nane usiku, maji ya chumvi yakaenda mpaka chini ya kitanda cha watoto na ekstensheni ilikuwa chini sakafuni, nashukuru Mungu mpaka kesho. Toboeni katundu kadogo kwenye lile bomba, sentimita mbili chini ya uso wa maji, hewa ikiingia hapo maji yanaacha kuvutwa. Ekstensheni itundikwe ukutani, na kila waya uning'inie chini kwanza ndo upande kwenye soketi, tone likitiririka lidondokee sakafuni na sio kwenye umeme. Hako katundu kanaziba na chumvi, kakwangueni kila wiki na kijiti cha kiberiti.